Daftari la Funguo

Kijito kinachopita nyuma ya mtaa wa Kiandutu mjini Thika kina tabia za mjomba mlevi. Miezi kumi ya mwaka hulala kimya kikinuka, kimejigaragaza katikati ya chupa za plastiki na nepi kuukuu, na wapita njia hukiruka bila hata kukunja suruali. Miezi miwili iliyobaki huamka bila hodi, kikaingia nyumbani kwa watu na kuondoka na chochote kisichokuwa na miguu ya kukimbia: sufuria, godoro, kuku aliyeatamia mayai, na siku mbaya, mtu. Zamani watu waliijua miezi hiyo kwa majina. Siku hizi mvua imekuwa kama fundi cherehani: ikiahidi Machi huioni, na ikija Aprili huleta kazi ya miezi mitatu kwa siku moja, tena ikiwa imekosea vipimo.

Huko ndiko Ngendo alikotumwa mwezi wa Februari, akiwa amevaa buti mpya za mpira ambazo bado zilikuwa na kibandiko cha duka. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii katika shirika moja lenye ofisi ya vyumba viwili mtaani Kamenu. Makao yake yalikuwa Ruiru, katika jumba la ghorofa lenye lango la chuma na bawabu aliyemsalimia kwa jina. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, vyeti saba na moyo mwema. Vyeti ni vitu vizuri, na moyo mwema ni kitu kizuri zaidi, lakini mtu akiwa navyo vyote viwili inakuwa vigumu kumwambia jambo.

Mkubwa wake, Bwana Githae, alikuwa amemkabidhi mradi wa Vijana na Tabianchi: miche elfu mbili, fulana mia moja zilizoandikwa kifuani, na agizo la kuwatafuta vijana wa kusaidiwa. Ngendo aliwapata kando ya daraja la miti, wakiwa wameshaanza kazi bila kumngoja. Walikuwa tisa na walijiita Macho ya Mto. Walikuwa wamezibua mitaro kwa mikono, wamechora mistari mitatu kwenye nguzo ya daraja, mweupe, wa manjano na mwekundu, na wametundika ringi ya gurudumu la lori kwenye mlingoti. Maji yakifika mstari wa manjano, mmoja wao aliigonga ringi hiyo kwa nyundo polepole. Yakifika mwekundu, aliigonga kama mwendawazimu.

"Niaje, madam," alisema Mwas, kijana wa mkokoteni wa taka ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Naona umetuletea miti."

"Nimewaletea miche."

"Ya kupandwa wapi?"

Ngendo akanyoosha kidole kwenye kingo za kijito.

"Sawa kabisa," Mwas akasema kwa heshima zote. "Mbuzi wa huku hawajaona mboga tangu Krismasi. Watakuombea."

Vijana wakaangua kicheko. Ngendo naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu wa makuu. Ila alicheka bila kusikia, na miche ikapandwa pale pale.

Hata hivyo, tusimvunjie heshima: kwa wiki kadhaa alikuwa msaada wa kweli. Aliwatafutia vijana buti na glavu. Alikwenda kwa chifu mara tatu kuitetea ile ringi, ambayo askari walikuwa wameshaitwaa mara moja wakidai ni chuma cha wizi, akarudi na barua yenye muhuri. Mwas aliibandika barua hiyo kwenye mkokoteni wake kama leseni ya gari. Wenyeji walianza kumwita "madam wetu." Angeishia hapo, huenda hadithi hii isingekuwa na sababu ya kusimuliwa.

Siku moja mwishoni mwa Machi mvua ilimfungia Ngendo katika saluni ya Mutheu, kibanda cha mabati chenye viti viwili na kioo kilichopasuka. Mutheu, msichana wa miaka ishirini, alikuwa mtulivu kama maji mtungini, na ndiye aliyekuwa mwandishi wa kikundi. Katika kutafuta pa kuweka kikombe cha chai, Ngendo aliona daftari la shule lenye jalada lililolainika kwa kushikwashikwa. Akalifungua. Akasoma: *Mlango 17. Mama Janice. Watoto wawili, Janice miaka saba, Nzuki miaka minne. Kufuli la shaba. Ufunguo kwa Mama Gachau.* Akageuza ukurasa. Kila ukurasa ulikuwa hivyo hivyo.

"Mutheu, hii ni nini?"

"Ni milango inayofungwa na kufuli mchana, watoto wakiwa ndani."

"Ndani peke yao?"

"Mama zao wameenda kibarua, madam. Wengine Ruiru kufua nguo, wengine kuchuma kahawa. Wanatoka saa kumi na moja asubuhi. Sasa maji yakifika mwekundu, kila mmoja wetu ana milango yake. Unakimbia kwa jirani, unachukua ufunguo, unafungua, unatoa watoto. Hakuna kuvunja, hakuna kutafuta. Mwaka juzi mimi na..."

"Ngoja kwanza. Milango mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

Ngendo alisimama. Alikuwa ameusomea ulinzi wa watoto miaka minne, na katika kazi yake alishaona chumba kilichoteketea kwa sababu ya kibatari, na kufuli likiwa bado linaning'inia nje. "Watoto wote hawa wamefungiwa kama magunia ya mahindi," alisema, "na ninyi mnaandika tu?"

"Hatuwafungii sisi, madam. Tuliwakuta wamefungiwa." Mutheu alikuwa ameacha kusuka wigi lililokuwa mikononi mwake. "Nilikuwa nataka kukuambia, mwaka juzi mimi..."

"Utanieleza siku nyingine, Mutheu. Hili ni jambo la dharura."

Siku nyingine ni siku isiyokuwa katika kalenda yoyote. Ngendo alilitia daftari mkobani. Alieleza, kwa upole na kwa ufasaha, kwamba taarifa za watoto haziwezi kukaa saluni katikati ya mafuta ya nywele, mahali ambapo mpita njia yeyote angejua ni milango ipi ina watoto wasio na mtu mzima. Jambo hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana Mutheu alimwachia. Kabla ya jioni, daftari lilikuwa ndani ya kabati la chuma pale ofisini Kamenu, nalo kabati limefungwa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akina mama waliitwa kwenye kanisa la mabati. Kulikuwa na soda na mandazi, kwa hiyo walikuja wengi. Ngendo alisimama mbele akazungumza vizuri sana. Alisema kumfungia mtoto ni kumtelekeza, na kwamba sheria haina jamaa. Atakayepatikana, alisema, atapelekwa kwa afisa wa watoto, hata kama itamuuma yeye mwenyewe. Kisha akaongeza sentensi moja ambayo hakuwa ameiandika popote, iliyomjia tu kwa sababu maneno yalikuwa yanatiririka: "Na jirani anayewekewa ufunguo, ajue naye ni mshiriki."

Mwanamke mmoja mwembamba mwenye kitambaa cha kijani akainua mkono. Alikuwa Mukonyo, yule Mama Janice wa mlango wa kumi na saba. Mumewe alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi na, kwa namna fulani, bado alikuwa akiitafuta.

"Madam, na tukienda kibarua, mtoto tumwache wapi?"

"Mwaka ujao wa fedha mradi utafungua kituo cha kulelea watoto, hapa hapa."

"Na mvua imeambiwa ingoje mwaka wa fedha?" sauti ya Mwas ilitoka nyuma, karibu na kreti za soda.

Watu wakacheka kidogo. Mukonyo akashusha mkono, akaanza kupiga makofi. "Asante, madam. Umesema ukweli." Wenzake nao wakapiga makofi. Jioni Ngendo aliandika katika ripoti yake kwamba wazazi waliyapokea mafunzo kwa kauli moja. Hakujua kwamba mtu mnyonge akikupigia makofi haraka, mara nyingi anakuomba uende zako.

Kabla ya giza kuingia, Mama Gachau alikuwa amezunguka vyumba vya ploti akirudisha funguo tisa alizowekewa, mmoja mmoja, kama mtu anayerudisha makaa ya moto. "Mimi ni mjane na nina shinikizo la damu," alisema. "Sitaki kuitwa mshiriki." Majirani wengine walifanya vivyo hivyo. Watoto hawakuacha kufungiwa, kwani unga haukuacha kuhitajika. Tofauti ni kwamba sasa kila mama aliondoka alfajiri na ufunguo wake kwenye sidiria, na akiulizwa watoto wako wapi, alijibu kuwa wako kwa shangazi.

Wiki iliyofuata Mwas alikuja ofisini, akasimama mlangoni akiwa na kofia mkononi.

"Madam, tunaomba daftari. Mama zetu wameanza kutembea na funguo. Hatujui tena nani yuko wapi."

"Hawaachi funguo kwa majirani?"

"Hakuna hata mmoja."

Uso wa Ngendo ukang'aa. "Basi unaona, Mwas. Ina maana wameacha kufungia watoto. Hizo ndizo dalili za mabadiliko."

Mwas alimtazama kama mtu anayetazama gari likirudi nyuma kuelekea mtaroni, dereva wake akipunga mkono. "Haya, madam," alisema. "Dalili umeziona wewe." Akavaa kofia, akaenda.

Likizo ya Aprili ikaingia, na watoto wa shule nao wakaongezeka nyuma ya makufuli. Jumatano ya wiki ya pili, mjini Thika palikuwa na manyunyu tu, ya kulowesha kola. Lakini kule juu upande wa Gatanga mbingu zilikuwa zimeiva, nyeusi kama kitako cha sufuria. Kijito hakiulizi mvua imenyesha wapi. Saa nane na nusu mchana ringi iligongwa polepole. Kabla ya saa tisa iligongwa kwa wazimu: maji yalikuwa yamefika mstari mwekundu.

Simu ya Ngendo ililia akiwa ofisini.

"Madam, ni Mutheu. Fungua kabati. Nisomee daftari, haraka."

Ngendo alitafuta ufunguo wa kabati katika droo, akaukosa, akaukuta mkobani. "Mlango wa tatu," alisoma, "ufunguo kwa Nyawira wa mboga."

Alimsikia Mutheu akiuliza, na sauti ya mwanamke ikijibu kwa mbali. "Nyawira hana. Endelea."

"Mlango wa tano. Ufunguo kwa fundi wa viatu."

"Hana. Endelea."

"Mlango wa tisa. Kwa Mama Gachau. Wa kumi na moja, kwa Mama Gachau. Wa kumi na saba pia."

"Mama Gachau yuko hapa mbele yangu, analia. Anasema hajawekewa ufunguo hata mmoja tangu ule mkutano." Nyuma ya sauti ya Mutheu kulikuwa na mngurumo, kama wa lori linalopanda mlima. "Madam, acha kusoma. Njoo tu."

Ngendo alipanda bodaboda bila kuvaa kofia wala koti. Alipofika, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamejaa kwenye vichochoro na kumfika mapajani. Mwas alikuwa na kipande cha nondo, akivunja makufuli. Kila kufuli lilimchukua dakika mbili au tatu. Alikuwa ameshavunja kumi na manne, na vyumba tisa kati ya hivyo vilikuwa vitupu, vyenye makufuli ya kulinda redio na mitungi ya gesi. Katika vitano vilivyobaki watoto walikuwa wametolewa wakiwa hai, wakapitishwa mkono kwa mkono hadi barabarani. Vijana walikuwa tisa na milango ilikuwa zaidi ya mia. Mtu anayejua pa kwenda angemaliza kazi hiyo kwa dakika ishirini. Lakini daftari lilikuwa limepitwa na wakati: likizo ilikuwa imeongeza milango, na kila mama alisema watoto wake wako kwa shangazi, sasa nani alijua?

"Tunagonga kwanza," Mwas alisema akihema. "Tukisikia sauti, tunavunja. Tusiposikia, tunapita. Hatuna njia nyingine."

Ngendo aliukumbuka mlango wa kumi na saba. Alijikokota hadi hapo akishikilia ukuta, akaliona kufuli la shaba, akagonga mabati kwa viganja vyote viwili.

"Janice," aliita. "Janice, ni mimi, Ngendo, yule madam wa shirika. Mko ndani?"

Akatega sikio. Alisikia maji na mabati yakilia mtaa mzima. Hakusikia sauti ya mtoto.

"Nzuki," aliita tena. "Msiogope. Ni madam wa shirika."

Kimya.

Mwas alikuwa amefika nyuma yake na nondo yake. "Vipi hapa?"

"Hakuna mtu," Ngendo akasema. "Twende mlango unaofuata."

Wakaenda. Walikuwa kwenye mlango wa ishirini na mbili waliposikia mlio mkubwa, na walipogeuka wakaona safu ile ya vyumba inainama, polepole, kama mtu mzima anayepiga magoti. Ukuta wa nyuma, upande wa kijito, ukachomoka mzima. Mlango wa kumi na saba uling'oka nao, na kwenye uwazi uliobaki, juu ya kitanda kilichokuwa kikielea, palikuwa na msichana mdogo ameshikilia nguzo ya mlango kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umenyooshwa kuelekea majini, vidole wazi, haujashika kitu.

Mwas alimfikia Janice. Nzuki alipatikana kesho yake asubuhi, mbali kidogo baada ya daraja, mahali ambapo kijito hupunguza mwendo.

Ngendo alikuwa hospitalini jioni ile ya mafuriko, amesimama nyuma ya pazia la wodi ya watoto, nguo zikimganda mwilini. Muuguzi alikuwa akimkausha Janice nywele na kumuuliza maswali ya kumliwaza.

"Hamkusikia watu wakigonga, mama?"

"Tulisikia."

"Sasa mbona hamkuitika?"

"Mama alisema mtu wa shirika akiita, tunyamaze. Alisema atatuchukua na atamfunga mama." Mtoto alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma ubaoni. "Nzuki alitaka kuitika. Nikamziba mdomo."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia hukaa chini bila kutafuta kiti. Ngendo alikaa pale pale sakafuni.

Mukonyo alifika saa mbili baadaye akitokea Ruiru, mikono yake bado imekunjamana kwa maji ya sabuni, ufunguo wa shaba umebandana na ngozi ya kifua chake. Hakupiga kelele. Alimpita Ngendo kama anavyopitwa mtu wa kawaida kwenye foleni, akaenda kwa mtoto aliyebaki.

Siku tatu baada ya maziko, Bwana Githae alimwita Ngendo ofisini, akafunga mlango. Alikuwa mtu wa mashati meupe na sentensi fupi.

"Pole sana. Sote tunaomboleza. Sasa afisa wa watoto anataka taarifa yetu. Ni jambo rahisi. Mama alifungia watoto, mtoto akafa. Uliwaonya, tena mbele ya mashahidi, tena kuna picha. Wewe uko salama, mradi uko salama."

"Na Mama Janice?"

"Sheria itamwangalia."

"Atafungwa?"

Bwana Githae alipanga kalamu zake. "Hilo si letu."

Ngendo alimkabidhi karatasi mbili zilizokuwa tayari zimeandikwa kwa mkono. Ndani yake alieleza kwamba vijana wa Macho ya Mto walikuwa na njia ya kuwaokoa watoto wote mchana wowote wa mafuriko. Yeye aliichukua njia hiyo akaifungia kabatini, akawatisha majirani wakarudisha funguo, na akawatisha akina mama hadi wakawafunza watoto kulikimbia jina la shirika. Mlango wa kumi na saba aliuacha yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Sahihi ilikuwa hapo chini.

Githae alisoma hadi mwisho, akavua miwani. "Ngendo, ukiipeleka hii, mradi umekwisha. Na wewe umekwisha."

"Nimeshaipeleka. Hiyo ni nakala yako."

Mukonyo hakushtakiwa. Afisa wa watoto alisoma taarifa ile, akamhoji Mutheu, akamhoji Mama Gachau, akafunga faili akisema huyu mama ameshahukumiwa na mengine. Ngendo alisimamishwa kazi mwisho wa mwezi. Fulana zilizosalia zilihamishiwa mradi mwingine, na ofisi ya Kamenu ikakodishwa kwa daktari wa meno.

Mwezi wa Juni Mutheu alimpigia simu. Hakumsalimia sana. "Tunakutana Jumapili na akina mama, pale saluni. Ukitaka, njoo. Lakini usivae ile fulana ya mradi. Na usiongee."

Ngendo alikwenda. Wanawake walikuwa kumi na watatu, wamebanana kwenye viti, kwenye ndoo na kwenye kizingiti. Hakuna aliyempisha, hakuna aliyemfukuza. Mwas alimsogezea jerikeni kwa mguu. "Karibu kiti cha enzi, madam," alisema, na ingawa ulikuwa mzaha, macho yake hayakucheka. Ngendo akaketi.

Ndipo alipoyasikia yale ambayo Mutheu alitaka kumwambia mwezi wa Machi. Mwaka juzi Mutheu na mdogo wake walisimama juu ya meza saa mbili nzima, mlango umefungwa kwa nje na mama yao aliyetoka alfajiri wakiwa bado wamelala, maji yakiwafika shingoni. Aliyewatoa alikuwa jirani mwenye ufunguo. Hivyo ndivyo daftari lilivyozaliwa. Mutheu hakuyasimulia kwa ajili ya Ngendo. Aliwasimulia akina mama, akiwaomba waanze upya, huku daftari jipya likiwa wazi juu ya magoti yake.

Akina mama walisikiliza. Wanne walikubali kuacha funguo tena. Wa tano alisema atafikiri. Wengine walitazama sakafu.

"Arobaini na mmoja," Mwas alinong'ona. "Na sasa wanne."

Mukonyo alikuwa amekaa karibu na kioo kilichopasuka. Hakuwa na mlango wa kuandikisha. Alikuwa amehamia kwa dada yake, na Janice alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake, mbali na mto wowote. Aligeuka polepole, akamwangalia Ngendo kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Madam, wewe huishi Ruiru?"

"Ndiyo, Mama Janice."

"Kwenye zile ghorofa?"

"Ndiyo."

"Nguo zako hufuliwa na nani?"

"Kuna mama mmoja huja Jumamosi."

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Ana watoto?"

"Nafikiri anao. Aliwahi kuomba maziwa yaliyobaki."

"Akija kwako kufua," Mukonyo akauliza, bila hasira, kama anayeulizia njia, "huwa anawaacha wapi?"

Wanawake wengine wote waliinua nyuso. Nje, mtu alikuwa akisukuma mkokoteni, na magurudumu yake yalisikika hadi yakapotea. Ngendo alilitafuta jibu katika vyeti vyake saba, katika miaka minne ya chuo na sita ya kazi, akaambulia patupu.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kumuuliza."

Mukonyo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea salamu alizozitarajia, akarudisha macho yake kwenye kioo. Mutheu alilifunga daftari lake lenye milango minne, na Ngendo akabaki ameinamisha kichwa juu ya jerikeni lile, akijua hatimaye somo ambalo mwanamke mwingine ndiye aliyelilipia kwa mtoto wake: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.